Chungu cha Siku Tatu

Ukikonyoa chipukizi la mnyanya, harufu yake inakaa vidoleni mpaka kesho yake. Sabuni haiitoi. Siku hizi nafundisha Muyinga, na jirani yangu ana minyanya mitatu kwenye ndoo zilizotoboka. Hajui kuipunguza, anaiacha inajiotea kila upande, basi kila nikipita naikonyoa bila kuombwa. Wiki iliyopita nilimaliza kuikonyoa nikaingia darasani, nikashika chaki, nikajipangusa pua, na mbele ya darasa zima nikaanza kucheka peke yangu. Wanafunzi walitazamana. Sikuweza kuwaeleza, maana wao wamezaliwa hapa na hawajui kurudi kukoje. Ninyi wa umri wangu, mliorudi wadogo mkakuta kila mtu anajua mambo msiyoyajua, ndio nataka kuwaeleza.

Nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Tanzania. Baba alivushwa mpaka wa Burundi akiwa bado wa kubebwa mgongoni, akakulia huko, akaokoka huko, akamwoa mama huko. Tuliporudi nilikuwa na miaka minane. Kwanza tulikaa Muyinga, chumba kimoja uani kwa fundi cherehani na mkewe, Waislamu wa mjini, watu wema kabisa. Lakini uani kwa mtu ni uani kwa mtu. Niliambiwa nisiguse uzi, nisikanyage kitambaa, nisicheke sana fundi akiwa anapima mteja. Nilichoka kuwa mgeni. Nilitamani sehemu ambayo ningeweza kuvunja kitu na aliyevunjiwa awe mama yangu tu.

Sehemu hiyo ilikuwepo, na ilikuwa Nyarusange, Gitega. Huko ndiko lilikokuwa itongo, yaani shamba la ukoo, na nusu yake ilikuwa haki ya baba. Tatizo ni kwamba nusu hiyo ilikuwa imelimwa miaka yote na kaka yake, Baba Mkubwa Nestori, ambaye hakukimbia. Tulipofika na magodoro yetu, Baba Mkubwa hakutukatalia wala hakutukubalia. Alituazima jiko lake la zamani tulale humo, akavuta suruali yake juu, akasema neno moja ambalo tuliishi nalo miezi mitatu.

"Tutaona."

Baba Mkubwa alikuwa mrefu, mwenye kofia ya kahawia ambayo nadhani alizaliwa nayo. Ujanani alikuwa amefanya kazi ya ujenzi Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na huko aliokota Kiswahili ambacho alijivunia kuliko ng'ombe wake. Kirundi changu kilimchekesha mpaka akashika mbavu, na Kiswahili chake kilinichekesha mimi, ila mimi ilinibidi nicheke nikiwa nyuma ya nyumba. Aliniita Mtanzania. Nilipomwamkia "shikamoo" aliitikia "marahaba" kwa sauti ya mkuu wa mkoa, na siku nyingine alizunguka akapita tena ili aamkiwe mara ya pili.

Kuhusu baba, jambo moja lilimuudhi Baba Mkubwa. Alilisema wazi, tena mbele ya watu. Watu wa kilimani kwake, mgeni akiingia anapewa kinywaji. Si maji. Anapewa urwarwa, pombe ya ndizi, au impeke, pombe ya mtama, na mwenye nyumba anaonja kwanza mbele ya mgeni ndipo anampa, ili mgeni ajue hakuna ubaya ndani. Sisi tulikuwa tumeokoka. Tulimpa chai.

"Yozefu," alimwambia baba siku moja, akiwa ameshika kikombe cha chai kwa vidole viwili, "mi ni mugonjwa?"

"Hapana, kaka."

"Basi kwa nini unanipa dawa?"

Baba alicheka kidogo, kisha akaacha alipoona mwenzake hacheki.

Mama ndiye aliyekuwa na mpango. Kabla hatujarudi alikuwa kibarua kwa bwana mmoja aliyepanda nyanya ndani ya kitalu nyumba, kile kibanda cha nailoni nyeupe ambacho jua linaingia lakini mvua haiingii. Alikuwa amejifunza kila kitu kwa macho, maana yule bwana hakuwa wa kufundisha. Na Nyarusange mvua ikishika, nyanya za nje zinababuka majani na kuoza zikiwa bado za kijani. Mwenye nyanya nzuri majira hayo hahitaji kumwita mtu sokoni. Mama alisema tukipata mavuno mamoja tu, Baba Mkubwa ataona kwamba hatukuja kumla, atatupa sehemu yetu, na tutajenga. Tusipopata, tunarudi uani kwa fundi.

Baba alienda kuomba ruhusa. Baba Mkubwa alikubali nusu nusu.

"Jengeni hiyo tente yenu," alisema. "Haina musingi. Siku nikisema tokeni, munaikunja, munaenda. Kuhusu itongo, tutaona."

Baba akakata miti ya mikaratusi, akachimbia nguzo, mama akaenda Muyinga kununua nailoni, akarudi nayo ikiwa imekunjwa kama shuka. Kwa siku nne nilibeba kamba na misumari kwa bidii ambayo sijawahi kuwa nayo tena maishani. Hakuna aliyenieleza kwamba nyumba ile haikuwa ya watu. Sisi tulikuwa tunalala kwenye jiko lililovuja, na hapa wazazi wangu wanajenga nyumba ndefu, nyeupe, inayong'aa mpaka ng'ambo ya bonde. Mtoto yeyote mwenye akili angehesabu hivyo hivyo. Nilichagua kona yangu, ile ya upande wa mashariki. Nilichora mstari kwa kijiti mahali ambapo dada yeyote atakayezaliwa asingeruhusiwa kuvuka. Niliwaleta wasichana watatu wa darasa letu wakaione, nao wakaguna kwa wivu, mmoja akauliza kama hatuogopi kuonekana tukivaa nguo. Nilimjibu kwamba Tanzania ndivyo watu wanavyoishi.

Siku ya tano mama aliingia na jembe akaanza kuinua tuta katikati ya chumba changu cha kulala.

"Mama, na mkeka wangu nitauweka wapi?"

Mama aliniangalia, akaangalia ule mstari wangu, akakaa chini juu ya tuta akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Nililia. Wasichana wale watatu walijua kesho yake, sijui kwa njia gani, na mpaka nahitimu darasa la sita niliitwa Mpangaji.

Nawaeleza haya ili mjue kwamba wakati wa jambo lenyewe nilikuwa mtu aliyeaibika, mwenye hamu ya kuelewa kitu kabla ya wengine angalau mara moja.

Mbegu za mama hazikuwa za dukani. Alikuwa ametoka na mbegu chache kwa yule bwana, amezifunga kwenye pindo la kitenge, akaziotesha Muyinga kwenye ndoo ya mafuta ya kupikia uani kwa fundi. Ile minyanya ya ndoo ilizaa. Mama hakuturuhusu kula hata moja. Alipofuata nailoni Muyinga alichagua kumi na nne zilizoiva vizuri, akazibeba mapajani njia nzima mpaka Nyarusange, na matuta yalipokuwa tayari, alizipasua akakamulia mbegu na maji yake ndani ya chungu kidogo. Akaongeza maji, akafunika kwa kitambaa, akakiweka pembeni ya jiko penye joto.

Anayejua kilimo anajua kwa nini. Mbegu ya nyanya imevaa utelezi, na utelezi huo unaizuia kuota vizuri. Unaiacha kwenye maji yake siku mbili tatu ichachuke, utelezi unatoka, kisha unaosha, unachuja, unaanika. Lakini mama hakunieleza hivyo. Aliniambia maneno manne tu akiwa anakimbilia kwaya.

"Usiguse. Bado siku tatu."

Siku ya pili nilifunua. Juu kulikuwa na povu. Chini ya povu kulikuwa na vitu vidogo vinaelea. Harufu ilikuwa kali, chachu, ya kupanda puani. Nami nilikuwa nimekwisha kuona kitu cha namna hiyo nyumbani kwa Baba Mkubwa, kwa mkewe: chungu pembeni ya jiko, kitambaa juu, povu, punje zinaelea, na onyo la kutogusa mpaka siku fulani. Nikafunika polepole. Mama, kiongozi wa kwaya, mama aliyevuka barabara ili asipite mbele ya baa, ametengeneza impeke. Na kwa nini? Kwa ajili ya Baba Mkubwa. Ili tupewe itongo. Na hamwambii mtu kwa sababu ya kanisa. Nilimpenda mama siku ile kuliko siku zote, nikaapa moyoni kwamba siri yake itakufa na mimi.

Ilidumu mpaka kesho yake saa tisa.

Mama alikuwa kanisani. Baba alikuwa amekaa nje anakaza mpini wa jembe, na Baba Mkubwa akaja akiwa amevaa koti. Kila alipovaa koti alikuwa na neno la kusema. Aliketi kwenye kigoda, nikamwamkia, akaitikia mara moja tu. Nilielewa kwamba mambo si mazuri.

"Yozefu," alisema, "mi nimefikiri sana. Kichwa inaniuma. Bon. Mumekaa hapa miezi tatu. We ni ndugu yangu, tumbo moja. Lakini mi nikija hapa, naona ni kama nimeenda kwa batu ba bureau, ba ofisi. Wananikalisha, wananipa chai, wananiuliza habari. Sijanywa kwako hata tone. Mutu akikosa kunipokea, mi nitampa itongo namna gani? Nitasema nimempa nani? Mgeni?"

Baba aliinamisha kichwa. "Kaka, unajua sisi ni watu wa wokovu. Nyumbani kwangu hakuna..."

"Iko!" nilisema.

Wote wawili waligeuka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikukumbuka kuinuka.

"Iko, Baba Mkubwa. Mama amekutengenezea. Leo ni siku ya tatu."

Sijasahau uso wa baba. Ulipita mshangao, ukaja uchungu kidogo, kisha ukaja upole mkubwa, na sasa nikiwa na mume wangu mwenyewe naujua ule upole: mtu amegundua mwenzake amebeba kitu kizito peke yake. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Basi lete."

Nilileta chungu na vikombe viwili vya plastiki. Nilipiga magoti kama nilivyoona kwa mke wa Baba Mkubwa. Nikakoroga kwa kijiti ili zile punje zisibaki chini, nikamimina. Baba Mkubwa alikitazama kikombe, akavuta harufu, nyusi zikapanda mpaka chini ya kofia. Halafu akamtazama baba na kungoja, kwa maana ni desturi, mwenye nyumba kwanza.

Lazima mwelewe kwamba baba yangu hakuwa ameonja pombe maishani mwake. Hakujua ina ladha gani. Alikuwa amesikia tu kwamba ni chungu na kwamba inachoma na kwamba watu wengine wanaitema mara ya kwanza. Alifumba macho, midomo ikatikisika kwa sala fupi, akanywa kikombe chote. Koo lilipanda, likashuka, likapanda tena. Machozi yalimtoka. Kisha akafumbua macho, akapangusa mdomo, na kusema kwa heshima zote, "Mungu akubariki, kaka. Karibu."

Baba Mkubwa alikunywa. Alisimama katikati ya kikombe kama anayesikiliza kitu kwa mbali.

"Hii ni ya Tanzania?" aliuliza.

"Nadhani," alisema baba.

"Iko na nguvu."

"Naona hivyo."

"Iko na... mbegu mingi."

"Ndiyo mtama wa huko," nilisema mimi, maana nilikuwa nimeshakuwa mtaalamu.

Alimaliza. Nikammiminia cha pili. Alimtazama baba, ambaye alikuwa amekaa wima, machozi yanamtoka, anatabasamu; akanywa cha pili. Nikamimina cha tatu, akakinywa hicho pia, akakigeuza kikombe chini kuonyesha kimekwisha. Akasimama. Akanyoosha mkono kuelekea bondeni.

"Kutoka kwa ule mugomba ulioinama, mpaka chini kwa mufereji. Na hapa penye tente. Ni yako, Yozefu. Nimemaliza. Kesho tutaita batu baone mipaka."

Baba alilia waziwazi sasa, wakakumbatiana, kofia ikaanguka, na mimi nikaruka ruka na kile chungu mkononi. Baba Mkubwa hakukaa. Aliaga kwa haraka, akashika njia ya mkato ya migombani akienda kwa hatua ndefu, kisha mbio, kofia mkononi. Sikuwahi kumwona mzee akikimbia. Nilidhani ni furaha.

Mama alirudi akiwa anaimba sauti ya pili. Alikwenda moja kwa moja kwenye chungu. Akafunua kitambaa. Akakiinamisha, akatazama ndani, akakigeuza juu chini, wimbo ukakatika.

"Nani amemwaga mbegu zangu?"

"Mbegu gani?" alisema baba, akitabasamu bado. "Mke wangu, najua. Mtoto ameniambia. Sikulaumu. Umefanya kwa ajili yetu, na itongo tumepewa! Kutoka kwenye mgomba mpaka mferejini!"

"Yozefu. Mbegu za nyanya zilizokuwa humu ziko wapi?"

Baba aliacha kutabasamu. Alitazama chungu. Kisha, taratibu, alitazama tumbo lake.

Sitawaficha, nilichapwa, na nilistahili. Lakini aliyeumia zaidi ni mama. Alikaa chini na kile chungu mapajani, akisema mara moja moja, "Mlikunywa? Mkamaliza? Mkasema Mungu akubariki?" Tulikuwa na shamba na hatukuwa na cha kupanda. Mvua ilikuwa inakaribia, nyanya zote kumi na nne zilikuwa zimekamuliwa. Na kama mavuno hayatakuwepo, Baba Mkubwa atasema nini kuhusu watu waliopewa ardhi wakaiacha tupu? Mama alikwangua chungu kwa kucha. Alipata mbegu kumi na moja.

Kisha nilimwona anafikiri. Mama alikuwa mtu wa kutopoteza kitu. Alimtazama baba kwa muda, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kesho asubuhi asiende chooni, aende kule kwenye tuta la mwisho. Baba alikataa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimkatalia mama, na alikataa akiwa amesimama, akitaja Maandiko.

Tukaotesha zile kumi na moja kwenye vikopo vya maganda ya mgomba, kila mbegu na kikopo chake. Nilipewa kazi ya kuzinyunyizia kwa mkono, matone tu, asubuhi na jioni, na nilikuwa na hatia kubwa kiasi kwamba nilikuwa nazisalimia. Tisa ziliota. Zilipotoa majani ya kweli, yale yenye meno, mama alizihamishia kwenye tuta. Miche tisa, ndani ya nyumba ambayo darasa letu zima lingeweza kusomea humo. Watu walitoka mpaka Bukirasazi kuja kuangalia. Baba Mkubwa naye aliingia, akatembea kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, mikono nyuma.

"Nyumba kubwa hivi," alisema, "nyanya tisa. Zinakaa muzuri kuliko mukubwa wa jeshi. Wengine banakuja lini?"

"Tutaona," alisema mama, kwa sauti ndogo.

Hatukumwambia. Kila siku mama alisema tutamwambia, na kila siku baba alisema ngoja. Tuliogopa. Itongo lilikuwa limetolewa juu ya kinywaji, na kinywaji hakikuwepo. Nilikuwa nikimwona anakuja na koti, najificha nyuma ya nailoni, ambayo kama nilivyokwisha kusema ilikuwa inaonyesha kila kitu.

Kama wiki moja baadaye alikuja na koti. Nyuma yake alikuwa mkewe, amebeba ungo kichwani. Walipofika mlangoni mwa kitalu, mkewe alishusha ungo chini. Ulijaa miche ya nyanya, minene, ya kijani kibichi, udongo bado kwenye mizizi. Ilikuwa mingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na ilikuwa na afya kuliko yetu.

"Hii nimeitoa kwa migomba yangu," alisema Baba Mkubwa. "Njia ya mukato. Iko mafungu matatu. Fungu la kwanza karibu na hapa, la pili katikati, la tatu karibu na kwangu. Mi sijapanda nyanya tangu nizaliwe. Bibi yangu hapa hajapanda. Alors, nani amepanda?"

Mkewe alikuwa ameziba mdomo kwa pindo la kitenge na mabega yanamtikisika. Baba alikuwa anaangalia mlima. Mama alifungua mdomo, mama ambaye hasemi uongo hata kwa muuzaji anayempunja, akaufunga. Nikaona atasema, na kwamba ikitoka kwake itakuwa ni kosa lake, na halikuwa kosa lake.

"Ni wewe, Baba Mkubwa," nilisema. "Umepanda wewe."

Nikaeleza yote. Chungu, povu, siku tatu, mtama wa Tanzania. Nilieleza nikilia, na nilimaliza kwa kusema asitufukuze, anifukuze mimi peke yangu, niende kwa fundi Muyinga. Baba Mkubwa alivua kofia, akaitazama ndani.

"We Mtanzania," alisema, "mi nakunywa pombe tangu nikiwa na umri kama wako. Unafikiri sijui pombe? Tone la kwanza tu nilijua hii si pombe. Sikujua ni kitu gani, lakini pombe, hapana."

"Sasa kwa nini ulikunywa?" aliuliza baba.

"Kwa sababu we ulikunywa! Nilisema, huyu ndugu yangu hana kinywaji, ameona haya, amechanganya takataka ya jikoni, na amekunywa wa kwanza, kikombe nzima, machozi inatoka, ili mi nisiseme hajanipokea. Nikasema, kama yeye anaweza, mi ni nani nishindwe?"

Baba alikohoa. Angeweza kunyamaza, na tungebaki na sifa hiyo bure. Lakini baba hakuwa mtu wa hivyo.

"Kaka, mimi sikujua. Nilidhani ni pombe kweli. Nilidhani pombe ndivyo ilivyo."

"Ulidhani ni pombe?"

"Ndiyo."

"We? Wa wokovu?"

"Ulikuwa umekaa pale na koti," alisema baba. "Ningefanya nini? Kaka yangu ni mmoja tu."

Baba Mkubwa alirudisha kofia kichwani. Midomo yake ilifanya kama anataka kusema kitu cha Kiswahili, akakosa, akajaribu Kirundi, akakosa pia. Halafu akavua koti. Alilitundika kwenye nguzo ya mkaratusi, akapinda suruali, akaingia ndani ya kitalu na ule ungo, akapiga magoti kwenye tuta la kwanza. "Mu shimo inaingia namna gani?" alimuuliza mama. Tulipanda mpaka jua likazama, sisi watano, na mama alimkemea mara mbili kwa kubana mizizi, naye akakubali kukemewa.

Sikuwahi tena kuwa mgeni baada ya siku ile. Nasema hivyo bila kutia chumvi. Nilivunja chungu, nilivunja dirisha la Baba Mkubwa mwenyewe, nilichapwa kwa yote mawili kama mtoto wa kwao.

Na zilizaa. Mvua ilipiga nje, nyanya za watu zikababuka, na ndani ya nailoni, zetu zilipanda kamba mpaka darini. Maua yalipofunguka, mimi ndiye niliyepita kila siku saa nne kutikisa kamba moja moja, maana nyuki walikuwa wachache humo ndani. Zilipoiva zilikuwa nzito, nyekundu mpaka karibu na kikonyo. Kikapu cha kwanza mama alikijaza zile nzuri kuliko zote, akakifunika kitambaa cheupe, tukakipeleka kwa Baba Mkubwa, kwa kuwa mavuno ya kwanza ni ya mkubwa. Alikipokea kwa mikono miwili. Akafunua. Alichukua nyanya moja, akaigeuza, akaibonyeza kidogo, akainusa, akairudisha mahali pake kwa uangalifu sana, akafunika kitambaa.

"Nzuri," alisema. "Nzuri kabisa, nashukuru. Lakini hizi zipelekeni Muyinga. Huko batu hawanijui."